Chantal Akerman na mama yake: alikuwa anatafuta nini miaka yote ile?

#1 MchanaMwema (Dar)

Wakuu salaam. Wiki iliyopita nimeangalia No Home Movie ya Chantal Akerman, ya mwaka 2015, na tangu hapo sijatulia.

Kwa wasiomjua: ni mtengeneza filamu wa Ubelgiji, kazaliwa Brussels tarehe 6 Juni 1950, wazazi Wayahudi wenye asili ya Poland. Mama yake Natalia, nyumbani wakimwita Nelly, alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na akarudi. Wazazi wa huyo mama hawakurudi.

Filamu yenyewe ni mama na binti tu, kwenye fleti ya mama Brussels. Wanakula jikoni, wanaongea habari za ndugu, mama anakohoa, anasinzia kwenye kiti. Kamera imewekwa mahali ikaachwa. Binti akisafiri wanaonana kwa Skype, na mama anasogeza uso mpaka skrini nzima inakuwa shavu. Mama alifariki Aprili 2014, filamu ikatoka mwaka uliofuata.

Hoja yangu: zaidi ya miaka arobaini huyu binti amekuwa akirudi kwa mama yuleyule, kwa sababu kuna kitu mama hakukisema. Kambi. Naona filamu zake zote ni mtoto anayezunguka mlango uliofungwa. Nakosea?

#2 KajukuuKaBibi

Niko siti ya mbele. Waje wenye uzi wao.

#3 FundiTaa (Arusha)

Mimi nilijaribu ile yake maarufu, Jeanne Dielman. Mama anamenya viazi. Nikaenda kuoga, narudi, bado anamenya. Halafu naambiwa ndiyo filamu bora kuliko zote duniani. Nauliza kwa nia njema kabisa: mnaona nini pale ambacho mimi sikioni?

#4 MezaYaUhariri (Nairobi)

Fundi, swali zuri, na nalijibu kama mtu anayekata picha kwa riziki yake.

Ile ni kura ya jarida la filamu la Sight and Sound, hufanyika kila baada ya miaka 10. Mwaka 2022 Jeanne Dielman ikashika namba moja, mara ya kwanza kwa filamu iliyoongozwa na mwanamke. Ina dakika 201, na ilipoonyeshwa Cannes Mei 1975 Akerman alikuwa hajatimiza miaka 25.

Sasa kuhusu viazi. Filamu ni siku tatu za mjane mmoja na mwanawe wa kiume. Siku ya kwanza anakufundisha nyumba: akitoka chumbani anazima taa, akiingia anawasha, pesa anaziweka ndani ya bakuli la supu lililoko mezani, anafunika. Kila kitu na mahali pake. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Angalia hapo: anabeba sufuria, hajui aiweke wapi. Anatoka nayo jikoni, anaingia nayo bafuni, anarudi nayo. Mwanamke ambaye jana alijua mahali pa kila kijiko leo amebeba sufuria ya viazi vilivyoharibika hana pa kuitua. Kama ulikuwa unaoga siku ya kwanza, siku ya pili haitakupata kabisa. Kama ulikaa, ile sufuria inakutia hofu kuliko bastola.

Siku ya tatu sitaisema, kuna watu hawajaiona.

#5 BiMkasi (Mombasa)

Ahsante Meza. Ila namjibu mwenye uzi: mbona unalazimisha Uyahudi kila mahali? Jeanne hasemi popote kwamba ni Myahudi. Usiku kabla ya kulala anamsimulia mwanawe jinsi alivyokutana na marehemu baba yake baada ya vita, basi. Ile ni filamu ya kazi ya mwanamke nyumbani, kazi ambayo hakuna aliyeona kama inafaa kupigwa picha. Kamera ilishikwa na mwanamke, Babette Mangolte, na mhusika mkuu ni Delphine Seyrig, aliyekuwa mstari wa mbele kutetea haki za wanawake Ufaransa. Mimi nimemwona pale mama yangu, na mama yangu si Myahudi wala hajafika Ulaya.

#6 MlinziWaKumbukumbu

BiMkasi uko sahihi kwa kilichomo ndani ya filamu, lakini Akerman mwenyewe aliwahi kueleza jambo lingine. Utotoni nyumba yao ilikuwa na babu mshika dini. Kwa Wayahudi wa namna ile karibu kila tendo la siku lina utaratibu wake: kunawa mikono kabla ya mkate, baraka ya mkate, mishumaa ya Ijumaa jioni. Babu alipofariki, utaratibu ukalegea na mtoto akatolewa shule ya Kiyahudi. Kwa maelezo yake, yale matendo ya Jeanne jikoni yana kitu cha ibada iliyopotea. Kwa hiyo viazi ni vya mama, lakini ule mpangilio wa siku ni wa babu.

#7 BiMkasi

Hiyo sikuijua. Naipokea nusu. Mwanamke asiye na dini yoyote naye hufunga siku yake kwa utaratibu, la sivyo atazama.

#8 Mkatanga_wa_Bruxelles

Jambo bote. Mimi ni wa Lubumbashi, niko huku Bruxelles miaka mingi. Kwanza sahihisho la mtu wa mitaa: jina kamili la filamu ni anwani, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Namba 1080 ni ya Molenbeek, lakini quai du Commerce iko 1000. Mnaotafuta kwa ramani msipotee.

Pili, mwaka 2024 pale Bozar, jumba la sanaa la huku Bruxelles, kulikuwa na maonyesho makubwa juu ya Akerman, baadaye yakaenda jumba la Jeu de Paume kule Paris. Niliingia kwa sababu mvua ilinikamata barabarani, nikatoka jioni.

Tatu. Kwetu Lubumbashi kuna sinagogi, limejengwa enzi za ukoloni, na tulikua tukiwajua Wayahudi wa mjini, wenye maduka. Wengi walitoka kisiwa cha Rhodes. Wale waliobaki Rhodes walipelekwa Auschwitz Julai 1944. Nikiwa mtoto sikujua hayo. Niliona tu mzee mwenye duka ambaye ukutani alikuwa na picha moja ya watu wengi wamekaa kwenye ngazi, na hakuna mteja aliyewahi kuambiwa ni nani wale. Nimekumbuka ile picha nikiwa Bozar.

#9 MlinziWaKumbukumbu

Mkatanga, shukrani. Tuweke tofauti tu ili tusichanganye: wa Rhodes ni Wayahudi wa jadi ya Hispania, lugha yao Ladino. Akina Akerman ni wa Poland, lugha yao ya jadi Kiyidi. Vyakula mbali, nyimbo mbali. Treni ndiyo iliyowapeleka mahali pamoja.

#10 KajukuuKaBibi

#9 hapo nimesoma mara mbili.

#11 Bint_Pemba_Muscat

Nyote mnasema Jeanne Dielman, mimi nasema News from Home. Akerman alikwenda New York mwanzoni mwa miaka ya 70, binti mdogo, hana kazi ya maana. Mama akimwandikia barua kutoka Brussels: mbona huandiki, tumekutumia pesa kidogo, fulani kachumbiwa, duka halina wateja, baba yako amechoka. Miaka michache baadaye akarudi New York, akapiga picha za mitaa na vituo vya treni, halafu akasoma zile barua kwa sauti yake mwenyewe, harakaharaka. Treni ikipita inaifunika sauti, barua inakatika katikati. Hakuna hata sura moja ya mama.

Basi nikwambieni kwetu. Bibi yangu Pemba hakujua kuandika. Miaka ya 80 mama yangu yuko huku Muscat, bibi akimtumia kaseti. Anaiweka redio ukumbini, anabonyeza, anaongea. Ninazo tatu mpaka leo. Maneno mengi ni salamu, nani kazaa, nani kafa, karafuu zimekuwaje mwaka huu. Lakini nyuma yake unasikia kuku, unasikia mtu anatwanga, unasikia mlango. Katika kaseti ya mwisho bibi ananyamaza kabisa, kinu kinaendelea, halafu anasema "basi", kaseti inakwisha. Mama akiisikiliza hurudisha nyuma pale penye kinu, si penye maneno.

Ndiyo maana nasema si mlango uliofungwa, ndugu MchanaMwema. Ni umbali. Mwanangu yuko wapi, amekula? Mama wa Kiyahudi aliyepoteza wazazi wake vitani ana haki kubwa zaidi ya kuuliza, nakubali. Lakini swali ni lilelile.

#12 MchanaMwema

Bint Pemba umenigusa. Na kweli katika No Home Movie mama anamuuliza kwenye Skype kwa nini anapiga picha, na binti anamjibu kwamba anataka kuonyesha hakuna tena umbali duniani. Lakini bado: kwa nini hakumuuliza ya kambini?

#13 MlinziWaKumbukumbu

Tusahihishe hapo. Haikuwa kimya kitupu. Kuna kitu nadhani hamjakitaja.

Mama wa mama yake, Sidonie Ehrenberg, alikuwa mchoraji, na alipokuwa msichana aliandika daftari la siri kwa Kipolandi. Kwa kuwa ni mwanamke, hisia zake hawezi kuzisema kwa sauti, basi daftari ndilo msiri wake. Sidonie aliuawa Auschwitz. Daftari likabaki. Nelly aliporudi kutoka kambini, akamwandikia humo mama yake maneno machache. Miaka ikapita, Chantal na mdogo wake Sylviane wakiwa watoto wakalikuta, nao wakaandika humo, wakimwandikia mama yao.

Mwaka 2004 Akerman alitengeneza kazi ya sanaa ambayo ndani yake yeye na mama yake wamekaa na lile daftari. Mama anajaribu kulitafsiri kutoka Kipolandi, lugha ambayo imeanza kumponyoka. Anasogeza macho, anabahatisha neno, anasoma tena. Na katika kufanya hivyo anaongea mambo ambayo hakuyaongea akiulizwa.

Kwa hiyo, MchanaMwema, mlango ulifunguka, ila si kwa kugongwa. Ulifunguka kwa kuwekewa mama kitu mkononi.

#14 MezaYaUhariri

Na katika No Home Movie yenyewe kuna pale jikoni ambapo binti anamweleza mfanyakazi wa nyumbani historia ya familia: walikimbia Poland, wakaja Ubelgiji, Wajerumani wakawafuata hukohuko. Anamwambia mgeni, si mama. Mama hayupo pale. Nilipokuwa naangalia nilisimamisha picha nikatoka nje.

#15 Umutoni_K (Kigali)

Nimesoma uzi wote kabla ya kuandika. Mtanisamehe Kiswahili changu, nimejifunzia shule Uganda.

Mama yangu ni manusura wa 1994. Mimi nilizaliwa baadaye. Watu husema manusura hawasemi, na huyu mwenye uzi amesema mlango uliofungwa. Sitaki kubishana na mtu, nataka kueleza tu.

Mama yangu hatupi mkate. Ukikauka anauloweka kwenye chai, ukiota ukungu anakata sehemu ile, anakula iliyobaki amesimama, akiangalia dirishani. Usiku anahesabu viatu vyetu mlangoni. Tuko watatu, viatu sita, anahesabu. Mpaka leo kaka yangu ana mke na nyumba yake, akija kututembelea mama anahesabu na vya shemeji. Hajawahi kunisimulia kwa mpangilio, tarehe fulani tulifanya hivi. Lakini mimi sikukaa nje ya mlango. Nilikulia ndani. Ile hesabu ya viatu ndiyo masimulizi yenyewe, na nimeisikia kila usiku.

Nilipomwona Jeanne anazima taa, anawasha taa, sikuchoka hata dakika moja. Nilijua anahesabu.

#16 BiMkasi

Umutoni, pole na asante dada. Nilichosema #5 nakirudia kwa sauti ya chini zaidi.

#17 FundiTaa

Umutoni nimekusoma. Naanza upya leo usiku, safari hii siogi.

#18 Mwl_Tendaguru

Wadau, mimi ni mwalimu wa dini na napenda sinema. Mbona hamgusi Kutoka 20:4? Usijifanyie sanamu ya kuchonga, wala mfano wa kitu chochote. Akerman amelizungumzia sana katazo hilo la sanamu. Ndiyo maana kamera yake iko mbele kwa mbele, haizunguki, haivizii, haimrembi mtu. Anamweka mtu mbele yako, nawe uko mbele yake, mna hadhi sawa. Auschwitz hajaiigiza hata mara moja. Hakuna geti, hakuna moshi. Kwangu hilo ndilo la Kiyahudi zaidi katika kazi yake, kuliko habari za mama.

#19 MezaYaUhariri

Mwalimu, nakubali nusu. Kuna sababu nyingine ya kifundi: alikuwa mfupi, na alipenda kamera ikae kwenye kimo cha macho yake. Na huko New York alikaa sana kwenye kumbi za sinema za majaribio, akaona filamu za Michael Snow ambazo shoti inakwenda mpaka wewe mwenyewe uhisi muda unapita. Ile kukaa muda mrefu kaitoa pale pia, si kwenye Torati peke yake.

#20 Mwl_Tendaguru

Kimo cha macho hakipingani na Torati, Meza.

#21 MezaYaUhariri

Haya mwalimu, hapo umenifunga.

#22 Mkatanga_wa_Bruxelles

Kwa hoja ya mwalimu ongezeni D'Est, ya 1993. Alikwenda Ujerumani Mashariki ya zamani, Poland, mpaka Urusi, ukuta wa Berlin umeanguka juzijuzi. Hakuna msimulizi. Ni watu tu: wanangoja basi, wanangoja treni, wamevaa makoti, wana mizigo, theluji. Kamera inapita mbele yao polepole. Baadaye aliandika kwamba alipozitazama picha zile aliona nyuma yake picha nyingine: watu na vifurushi wakitembezwa kwenye theluji. Yeye alikwenda kupiga picha za leo, za jana zikajitokeza zenyewe. Pale Bozar nilisimama kati ya skrini za D'Est, na mimi nimetokea nchi ya kungoja treni. Nilizijua zile sura.

#23 Sauti_ya_Tabora

Swali la mgeni: ni kweli alijiua kwa sababu mama yake alifariki?

#24 MlinziWaKumbukumbu

Alifariki Paris, 5 Oktoba 2015, na gazeti la Le Monde liliandika kwamba alijitoa uhai. Amezikwa makaburi ya Père Lachaise. Alikuwa na ugonjwa wa huzuni kwa miaka mingi kabla ya hapo. Hiyo "kwa sababu" tuiache. No Home Movie ilikuwa imeonyeshwa kwenye tamasha la Locarno Agosti ya mwaka huohuo.

#25 MchanaMwema

Naunga mkono. Mimi nilipoanza uzi nilikuwa na hilo kichwani na nililikwepa makusudi. Ukiangalia No Home Movie ukijua mwisho wake, kila kiti kitupu kinakuwa ishara, na yule mama kwenye picha anazuiwa kuwa mama tu anayelalamika koo. Alicheka sana yule mama. Hakuna aliyelitaja hilo humu.

#26 Bint_Pemba_Muscat

Alicheka, na alikuwa mrembo, na binti anamwambia hivyo. Na wanavyoshindwa kukata simu! Haya kwaheri, haya busu, haya kwaheri tena. Kwetu Pemba hivyohivyo.

#27 Mwl_Tendaguru

Kuna ile ya 1989, Histoires d'Amérique, Wayahudi wahamiaji New York wakisimulia misiba na vichekesho usiku. Mwanzo wake Akerman anasimulia habari za rabi aliyekuwa akienda msituni, chini ya mti fulani, kuomba, na Mungu akimsikia. Mwanawe alisahau ni mti upi, akaomba msituni tu. Mjukuu hakujua msitu uko wapi, akaomba kijijini. Kitukuu hata kijiji hakukijua, akaomba nyumbani. Wa baadaye hata maneno ya sala hakuyajua, lakini alikijua kisa, akawasimulia watoto wake. Halafu Akerman anaongeza kuhusu yeye: kisa chake kina mapengo kila mahali, na hana hata mtoto.

Sasa kumbukeni No Home Movie inavyofunguka. Mti mmoja jangwani, upepo unaupiga dakika nzima nzima, haukatwi.

#28 MchanaMwema

Mwalimu! Sikuwahi kuunganisha.

#29 MezaYaUhariri

Nami sikubali kuunganisha haraka hivyo. Ule mti upo Israeli, alikuwa amekwenda kupiga picha za kazi nyingine. Mhariri wake wa miaka mingi, Claire Atherton, alikaa naye wakachuja saa kama arobaini za picha. Mti unaweza kuwekwa mwanzo kwa sababu upepo wake unakutoa pumzi na kuifanya fleti ya mama iwe kimya zaidi. Mimi ningeuweka palepale bila rabi yeyote.

#30 Umutoni_K

Ule mti ni mdogo na unapigwa sana, na hauanguki. Mimi niliona hivyo tu.

#31 FundiTaa

Nimerudi. Usiku tatu, siku moja kila usiku kama ilivyo kwenye filamu. Meza, ile sufuria. Sijui niseme nini. Mimi ni fundi umeme, nimehesabu swichi. Siku ya pili anasahau taa moja, nikajikuta nasema "mama, taa" kwa sauti, mke wangu akaamka.

Swali moja: yule jirani anayeleta mtoto mlangoni, tunasikia sauti tu anaongea mambo ya bucha na chakula bila kupumua, ni nani?

#32 MezaYaUhariri

Ni Akerman mwenyewe. Kasimama nje ya mlango, haonekani.

#33 BiMkasi

Subhanallah. Nimeiona mara nne na sikulijua hilo.

#34 KajukuuKaBibi

Mimi sijaona hata moja. Nianze na ipi?

#35 Bint_Pemba_Muscat

News from Home. Usitafute kuelewa kila neno la barua, treni zitakuzuia na ndivyo inavyotakiwa. Mwisho kamera iko kwenye boti inaiacha Manhattan, shoti moja ndefu, ndege wa baharini, jiji linapungua.

#36 Mwl_Tendaguru

Histoires d'Amérique, kwa ajili ya rabi.

#37 Umutoni_K

Anza na Jeanne. Ukiwa peke yako.

#38 Mkatanga_wa_Bruxelles

Jumamosi nina kazi upande wa mfereji, quai du Commerce ni dakika chache kwa mguu. Nitapita namba 23 niwawekee picha ya mlango.

#39 FundiTaa

Mkatanga, ukiweza kuchungulia ndani, niangalizie swichi ya taa iko upande gani.